Niliisingizia Pamba

Humu ndani nitaandika neno mkojo mara nyingi. Ambaye linamkera akae pembeni, maana mimi limeshanikera vya kutosha na sina tena muda wa kulizungukazunguka. Naandika kwa ajili ya mwanaume aliyeketi mahali fulani sasa hivi, amebana magoti, anawaambia watu kwamba yuko sawa. Hayuko sawa. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na kwa uongo nilimzidi.

Naitwa Masalu, ila hapa Bariadi wengi wananiita Baba Limi, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Nina miaka sitini na moja. Miaka ishirini na sita nimekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mke wangu ni Kabula, ambaye analima, anaimba kwaya na hajawahi kuniogopa hata siku moja. Tunaishi Somanda, karibu na hospitali.

Ilianza Aprili, mvua zikiwa za mwishomwisho. Kiwandani waliletwa manesi kutupima presha kabla msimu haujaanza. Nesi alinipima mara ya kwanza, akapima ya pili, akahamia mkono mwingine, halafu akaniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja na miguu yangu. Hakucheka. Wiki ileile nikaanza kliniki ya presha, nikapewa vidonge vinavyoitwa captopril, asubuhi na jioni.

Nilivimeza. Nasema hivi kwa sababu mgonjwa wa presha mambo yakimwendea kombo, kitu cha kwanza anachoambiwa ni kwamba hamezi dawa. Mimi nilimeza. Kabula alikuwa ananisimamia mlangoni na kikombe cha maji, na haondoki mpaka nifungue mdomo aone.

Mei pamba ikaanza kuingia. Malori yanatoka Kasoli na kwingineko, yanashusha, mashine zinawashwa, na vumbi la pamba linapanda mpaka unaona kope za mwenzako zimekuwa nyeupe. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiyekulia kwenye pamba asingelifanya. Kule kwetu kukohoa ni sehemu ya kazi. Tunakohoa Mei, tunakohoa Julai, na tukizima mashine Septemba kikohozi kinaondoka chenyewe. Tunakiita mgeni. Asubuhi mnakutana getini, mwenzako anakuuliza, "Mgeni kaja?" unamjibu, "Kaja." Basi, mnaingia kazini.

Kwa hiyo koo langu lilipoanza kuwasha wiki ya tatu ya Mei, sikuuliza lolote. Nilimkaribisha mgeni.

Lakini mgeni wa mwaka ule alikuwa na tabia mbaya. Kilikuwa kikohozi kikavu, hakitoi kitu, kinawasha hapa chini ya koromeo kama umemeza unyoya wa kuku. Nikilala kinakuja. Nikicheka kinakuja. Kanisani padri akisema tukae kimya tuombe, ndipo kinaponikaba hasa, watu wanageuka kuniangalia. Kabula akaniambia, "Baba Limi, hiki cha mwaka huu kina kichwa kigumu."

"Pamba ya mwaka huu chafu," nikamjibu. Masikini pamba, haina mdomo wa kujitetea.

Nikawa nanunua vidonge vya mafua duka la dawa, vile vya pakiti ambavyo kila nyumba inavyo kabatini. Viwili asubuhi, viwili jioni. Vinaleta usingizi kidogo, koo linatulia, maisha yanaendelea. Na kliniki kila waliponiuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?" nilijibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Kwangu mimi dawa ni ile unayoandikiwa na daktari kwenye daftari. Vya mafua ni vya mafua tu, nani anavihesabu?

Presha ikagoma kushuka. Daktari akaniongezea dozi ya captopril, nikashukuru, nikaondoka. Wakati huohuo mkojo nao ukaanza visa. Nasimama chooni, nasubiri. Unakuja kidogo, unakatika, unakuja tena. Natoka nje, nafunga zipu, nafika mlangoni, najisikia bado. Nikajisemea ni umri. Nilikuwa na jibu la kila kitu mwaka ule, pamba au umri, na sikuona haja ya kumsumbua mtu.

Septemba tukazima mashine. Wenzangu wote wakaacha kukohoa. Mimi nikaendelea.

"Pamba imekwisha," Kabula akasema tukiwa shambani tunang'oa miti ya pamba. "Wewe unakohoa nini?"

"Vumbi lilishaingia ndani. Litatoka taratibu."

"Kikohozi chako kilianza ulipoanza vidonge vya presha. Nakumbuka mimi."

Nikamwambia aniachie, kwani yeye ni daktari? Akaendelea kung'oa ile miti kwa hasira mpaka udongo ukawa unanirukia usoni. Nilikwenda kupima makohozi, yale machache niliyoyalazimisha, ili kumziba mdomo. Hakuna kifua kikuu. Picha ya kifua ikatoka safi. Oktoba captopril ziliisha kwenye dirisha la dawa la hospitali, nikapewa nyingine zinaitwa enalapril, vidonge vingine kabisa, umbo jingine. Kikohozi kikabaki palepale. Mbona nilifurahi! Nikaenda nyumbani kifua mbele.

"Unaona? Dawa wamebadilisha, kikohozi kipo. Si dawa. Ni pamba."

Nilishinda ule mjadala, na ushindi wenyewe ulinifikisha hospitali.

Novemba alifariki mzee mmoja wa Kasoli, tuliyekuwa naye jumuiya moja zamani. Tukaenda msibani. Kwa kuwa sikutaka kukohoa katikati ya ibada ya mazishi, asubuhi ile nilimeza vidonge vya mafua vinne kwa mkupuo, na kabla ya ibada nikaongeza viwili. Nilikaa na wanaume kwenye turubai. Saa nne nikaenda chooni, hakuna kitu. Nikarudi. Saa tano nikaenda, hakuna. Saa sita nikaenda mara mbili. Tumbo la chini likawa gumu kama jiwe la kusagia, jasho linanitoka, na hali ya hewa ilikuwa ya mawingu. Mtu akinisemesha naona kama ananitukana. Kabula aliniona kutoka upande wa akina mama. Akaacha mwiko palepale kwenye sufuria, akaja mbele ya wanaume wote.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Masalu." Ananiita kwa jina hilo pale tu mambo yanapokuwa mabaya. "Una nini?"

"Mkojo umegoma," nikamnong'oneza. "Usimwambie mtu."

Tulipanda bodaboda mbili. Anayeijua ile barabara baada ya mvua za kwanza anaweza kukisia. Kila shimo nililihisi mpaka kwenye meno. Nilimwomba dereva aende polepole, halafu nikamwomba aharakishe, halafu nikamwomba asimame, akaniambia, "Mzee, chagua moja." Tulipofika hospitali nilikuwa sioni vizuri. Wakaniweka kwenye benchi pamoja na watu wengine kama ishirini, na baada ya muda nesi akatokea mlangoni, akaita kwa sauti ya gulioni, "Yule mzee wa mkojo yuko wapi?"

Watu wote wakatafuta kwa macho. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikanyoosha mkono nusu.

Wakaniwekea mpira, ule mrija wa kutolea mkojo wenye mfuko mwishoni. Sitawadanganya, kuwekwa kwake kuna uchungu wa aina yake. Lakini mkojo ulipoanza kushuka kwenye ule mfuko nililia machozi kama mtoto, na nililia kwa raha. Yule nesi mwenye sauti akanifuta uso kwa kona ya shuka na kuniambia, "Pole baba, imekwisha." Sijamsahau.

Daktari akatueleza. Tezi dume imekua, inabana njia. Atanipa kidonge kinaitwa tamsulosin cha kulegeza njia, nikae na mpira wiki tatu, kisha watautoa waone kama naweza kukojoa mwenyewe. Nikishindwa nitajaribiwa tena, na nikishindwa tena ni rufaa ya Mwanza, upasuaji. "Ila," akasema huku anaangalia kipimo, "na presha hii hakuna atakayekugusa kwa kisu. Lazima ishuke kwanza."

Na presha haishuki. Kwa hiyo, kwa hesabu ya haraka, mpira ungekaa tu. Kule wodini nilimwona mwanaume wa rika langu ambaye alikuwa na mpira wake kwa mwaka mzima, ameuzoea, anaushika kama mtu anavyoshika simu. Nilimtazama, nikaapa moyoni kwamba mimi siuzoei ng'o. Tangu siku ile sikutaka kingine duniani. Nilitaka nisimame chooni kama mwanaume, nikojoe, nitoke.

Nyumbani nilitoa amri kwamba ugonjwa wangu ni malaria. Kabula akauliza, "Malaria ya wiki tatu?" Nikamwambia malaria kali. Mfuko niliufunga pajani ndani ya suruali pana, nikaacha kwenda kwenye mikusanyiko, nikahamia chumba cha zamani cha Limi. Sikutaka anisaidie kumwaga mkojo. Nilikuwa naubeba mwenyewe mpaka chooni, nimeufunika kwa taulo, nachungulia kama majirani hawapo. Siku moja niliinuka ghafla kitandani na dunia ikazunguka. Ile tamsulosin inalegeza mishipa pia, na walikuwa wameniambia niinuke taratibu. Nilianguka mlangoni, mfuko ukachomoka, mkojo ukamwagika sakafu nzima.

Kabula alikuja na tambara. Alipiga magoti akafuta. Alipomaliza akakaa palepale sakafuni.

"Miaka thelathini na minne," akasema. "Nimekuzalia watoto watano, umeniona nikiwa hali gani? Ulishika beseni wewe mwenyewe Limi alipozaliwa. Leo mkojo wako ndio siri kwangu?"

Niliona aibu, lakini safari hii ilikuwa aibu ya maana. Jioni ile alinisaidia kufunga mfuko upya, na alijua kufunga vizuri kuliko mimi.

Kaka yangu Maduhu alikuja kutoka Mwanhuzi, anakofuga. Yeye Kabula hakumdanganya kuhusu malaria, alimwambia ukweli jikoni. Maduhu akaja kukaa kitandani kwangu, fimbo katikati ya magoti.

"Mkojo wako umefungwa," akasema. "Kuna mtu kaufunga. Twende kwa mtu ninayemjua, atafungua."

"Umefungwa na tezi, kaka."

"Tezi! Baba yetu alikuwa na tezi? Babu alikuwa na tezi? Na wakikukata huko Mwanza, umekwisha. Utarudi unakaa na wanawake."

"Basi nitakaa na wanawake. Wanapika."

Alikasirika, akaondoka hata hakunywa chai. Kiwandani nako habari zikavuja, na kwa kuwa hakuna aliyezijua vizuri wakatunga zao. Wakasema mzee alikunywa vidonge vya nguvu za kiume, vikamkamata. Rafiki yangu mmoja alinipigia simu kuuliza ni vya rangi gani ili yeye aviepuke. Nilimtukana, nikakata simu, kisha nikacheka, kisha nikakohoa mpaka mpira ukanivuta huko chini nikaona nyota.

Ndiyo, bado nilikuwa nakohoa. Na bado nilikuwa nakula vidonge vya mafua, kwa sababu kukohoa ukiwa na mpira ni adhabu.

Desemba wakautoa mpira kunijaribu. Unakaa kwenye benchi, unakunywa maji, unasubiri. Nilikunywa chupa tatu. Nilitembea uwanja wa hospitali mpaka walinzi wakanizoea. Saa nane tumbo likaanza kuwa jiwe, nikajua. Saa tisa wakanirudishia mpira. Nesi akasema, "Pole baba, si wewe wa kwanza," na mimi nikamjibu vibaya. Baadaye nilirudi nikamwomba radhi.

Krismasi ile sikwenda kanisani. Limi alipiga simu kutoka Dodoma anakofanya kazi, akasema baba kubali tu, wengi wanaishi na mpira. Nikamwambia mimi si wengi. Akalia, nami nikajisikia vibaya, lakini sikubadili neno.

Januari nilikwenda dirisha la dawa kuchukua enalapril za mwezi. Kulikuwa na mfamasia mgeni, dada mdogo wa Kitanga aitwaye Mwanaidi, ndio kwanza amepangiwa kazi huku. Kiswahili chake kinateleza, unaweza kusimama kumsikiliza tu. Kabla sijafika dirishani kikohozi kikanishika, nikakohoa nimeshikilia ukuta.

"Shikamoo baba. Pole na hicho kikohozi."

"Marahaba mwanangu. Ni pamba tu."

"Pamba?"

"Vumbi lake. Mimi mtu wa kiwandani."

"Nisamehe baba, kwetu hakuna pamba, siijui. Huwa mnaichambua miezi gani?"

"Mei mpaka Septemba."

Akaangalia kalenda iliyotundikwa nyuma yake. Kisha akaniangalia mimi. "Na leo ni Januari," akasema kwa upole.

Nyuma yangu nikamsikia Kabula akivuta pumzi. Miezi yote ile, wenyeji wote wa hapa waliponisikia nakohoa walitikisa kichwa na kusema pamba hiyo. Daktari wa kliniki ni mtoto wa hapahapa Simiyu, naye alisema pamba hiyo. Alihitajika mtu asiyejua pamba ni nini ili aulize mwezi.

Mwanaidi akatutoa kwenye foleni, akatuingiza ndani. Akauliza nilianza dawa gani, lini. Nikamwambia captopril, Aprili mwishoni. Kikohozi, Mei. Nikaharakisha kumwambia kwamba dawa ilishabadilishwa na kikohozi hakikubadilika. Akachukua karatasi akachora vimistari na vipembe, kitu kama nyumba isiyo na paa, kisha pembeni akachora kingine.

"Hii ndiyo captopril ilivyo ndani. Hii enalapril. Waliozitengeneza walibadilisha hapa na hapa tu. Unaona huku kulikobaki? Ni kulekule. Hizi ni mtu na mdogo wake, baba. Kazi yao moja, na baadhi ya watu zinawapa kikohozi kimoja, kikavu, hakitoki hata ule nini. Hukubadilishiwa dawa. Ulibadilishiwa nguo ya dawa."

Nilikuwa na hamu ya kumbishia.

"Na hicho kikohozi unakitibu na nini?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

"Anakula vya mafua," Kabula akasema. "Tangu Juni. Pakiti hii hapa." Akaitoa kwenye mkoba wake akaiweka mezani.

Jamani, nilimkasirikia! Nilimwambia mbele ya yule binti kwamba hana siri, kwamba ananivua nguo hadharani. Kabula akaniangalia tu. "Nitakuvua," akasema, "mpaka upone."

Mwanaidi alisoma ile pakiti pande zote. Akaisoma tena. Aliponigeukia uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, tezi imekubana njia, ni kweli. Lakini hivi ndivyo vinavyofunga mlango. Kimoja humu ndani kinakifanya kibofu kisisukume, kingine kinakaza njia, halafu kinapandisha presha. Hivi si vya mtu mwenye tezi. Na si vya mtu mwenye presha. Tamsulosin inalegeza, hivi vinakaza, kila siku."

Kwa hiyo dawa ya presha ilinipa kikohozi, kikohozi kikanipa vidonge vya mafua, vya mafua vikafunga mkojo na kupandisha presha, na presha ilipopanda nikaongezewa ile iliyonipa kikohozi. Nilikaa pale nikiizungusha kichwani. Nilitaka kumpiga mtu na sikumwona wa kumpiga, maana kila mtu alinipa kitu kwa nia njema, na pakiti nilinunua mwenyewe.

Alitupeleka kwa daktari yeye mwenyewe, na karatasi yake mkononi. Daktari alisikiliza, akasoma daftari langu kuanzia mwanzo, kisha akasema, "Hili lilitupita." Namheshimu kwa neno hilo. Akanitoa kwenye ile familia kabisa, akaniandikia losartan. Tamsulosin nikaendelea nayo. Vya mafua marufuku. Nami nikamwambia nataka kujaribiwa tena kabla ya Mwanza.

"Mzee, tezi yenyewe ni kubwa. Siwezi kukuahidi kitu."

"Daktari, mimi fundi. Mashine ikikwama hatuanzi kukata chuma. Kwanza tunatoa kilichoingia kisichohusika, halafu tunawasha. Ikigoma, hapo ndipo tunakata. Nikishindwa sasa, nikate utakavyo, sitapiga kelele."

Akatabasamu, akaandika tarehe ya Februari.

Wewe unayesoma na una presha, na una kikohozi, na umri umefika wa kusumbuliwa na mkojo, usiache dawa zako kwa sababu ya maneno yangu. Mimi fundi wa mashine. Ila kusanya kila kidonge kilichomo nyumbani kwako, cha kuandikiwa na cha kununua, na ule unga wa kwenye karatasi uliopewa na shemeji yako, tia kwenye mfuko, nenda vimwage mezani kwa anayejua. Usichague cha kuonyesha. Mimi nilichagua.

Januari ile ilikuwa ya palizi. Niliingia shambani na Kabula, mfuko pajani, jembe mkononi, na jirani alipouliza hali ya malaria nikamwambia inaendelea. Wiki ya tatu ya losartan tulikuwa kanisani, padri akasema tuombe kimya, nikaomba, akasema amina. Kabula akanigusa kiwiko. Sikuelewa. Akaninong'oneza, "Hujakohoa." Jumapili ile nikarudi chumbani kwetu. Presha nayo ikashuka, kidogokidogo, mpaka nesi wa kliniki akapima mara mbili kwa kutoamini.

Siku ya kujaribiwa walitoa mpira saa mbili asubuhi. Sheria ileile: kunywa maji, tembea, ukikojoa ita nesi, mwisho saa kumi. Kabula alikaa kwenye benchi la kusubiria, pale wanapopita wagonjwa wote, wajawazito, watu wa kliniki, kila mtu. Mimi nikatembea. Saa nne hakuna. Saa sita nikasimama chooni mpaka miguu ikafa ganzi, hakuna. Nilimwona nesi akiandaa mpira mpya kwenye sinia, ameufunika na kitambaa ili nisiuone, nami nimeuona. Saa nane tumbo likaanza kujaa. Nikamwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine hayakuwa sala.

Saa nane na nusu Kabula akaja kwenye mlango wa choo. Ni choo cha mlango wa bati, cha wanaume, yeye hakujali.

"Unafanya nini humo?"

"Nausubiri."

"Umekaza mabega?"

Nilikuwa nimekaza kila kitu, mabega, taya, ngumi.

"Legea," akasema. "Mimi nipo hapa. Hakuna anayekuja."

Akaanza kuimba taratibu wimbo wa kwaya wa kawaida tu, wanaouimba wakati wa kufagia kanisa. Nikafumba macho. Nikashusha mabega. Matone mawili, matatu. Yakakatika. Moyo ukanipasuka. Kisha bila mimi kufanya chochote ukaja, mwembamba, ukakatika, ukaja tena, halafu ukaja wa kweli, wenye sauti, unagonga ukuta wa choo, na haukomi.

Kabula alikatisha wimbo. Akasikiliza.

Halafu akapiga vigelegele. Si vya kuficha mdomo, hapana. Vile vya arusini, kwa kifua chote, ndani ya hospitali, mchana kweupe. Nikamsikia mama mmoja kwenye benchi akiuliza kwa furaha, "Mtoto gani? Wa kiume?"

"Ni mzee!" Kabula akapaza sauti. "Mume wangu amekojoa! Baba Limi alikuwa na mpira miezi mitatu, leo amekojoa mwenyewe!"

Mtu akacheka, kisha yule mama naye akapiga vigelegele, akafuatiwa na mwingine, hata nesi wa lile sinia nikaisikia sauti yake. Mimi niko ndani, suruali mkononi, najua kwamba pale nje kuna watu wa Somanda, kuna watu wa kanisani, na pengine kuna mtu wa kiwandani. Ningeweza kukaa humo mpaka benchi liishe watu. Nilifikiria hivyo, sikatai.

Nikafunga zipu. Nikasukuma mlango.

"Mwadila," nikawasalimia wote kwa Kisukuma, kwa sauti ya fundi aliyezoea kuongea juu ya mashine. "Ni mimi."